Mbawakawa mdogo kuliko punje ya ulezi: nitajuaje kama ni spishi mpya?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana wa Muheza, kazi yangu ni kuongoza wageni kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Mwezi uliopita niligeuza gogo lililooza nikaona mbawakawa wadogo sana, punje ya ulezi ni kubwa kuliko wao. Wengine ni weusi, wengine wamepauka kama majani makavu. Nimewapiga picha kwa simu niliyoibandika lenzi ya kukuza. Nimetafuta kwenye intaneti wiki nzima, sijaona wanaofanana nao. Mgeni mmoja akaniambia huenda ni spishi mpya. Nitajuaje? Nani anaamua? Inachukua muda gani? Na kama ni wapya kweli, naweza kuwapa jina la marehemu bibi yangu, Mwanahamisi, aliyenifundisha msitu tangu utotoni?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimezitazama picha zako zote nne kwa muda mrefu. Nikukate kiu kwanza: ndiyo, inawezekana kabisa kwamba wadudu hao hawajawahi kuandikwa na mtu yeyote. Lakini kwa picha peke yake, si mimi wala mtaalamu mwingine anayeweza kukuthibitishia. Jina la bibi linaruhusiwa, ila lina utaratibu wake, nitaufikia.

Kwanza ujue ulichokiona. Hawa ni wa familia iitwayo Ptiliidae. Kwa Kiswahili mimi huwaita mbawakawa-unyoya, kwa sababu mabawa yao ya kurukia hayafanani na ya nzi wala ya nyuki. Bawa ni kijiti kimoja chembamba kilichoota nywele ndefu pande zote mbili, mfano wa unyoya wa kuku. Likiwa halitumiki hukunjwa na kufichwa chini ya yale mabawa magumu ya juu, ndiyo maana kwenye picha yako huoni kitu ila mgongo unaong'aa. Katika familia hii ndimo alimo mbawakawa mdogo kuliko wote wanaojulikana, Scydosella musawasensis wa Amerika ya Kati na Kusini. Aliandikwa mwaka 1999 kutokana na vielelezo vya Nikaragua, na mwaka 2015 mtafiti Mrusi Alexey Polilov alipima wengine aliowapata kwenye uyoga huko Kolombia: mdogo wao kabisa alikuwa na milimita 0.325. Wapange watatu kwa mstari, hawafikii milimita moja.

Udogo huo una gharama. Jike wa familia hii hutaga yai moja kwa wakati, maana yai moja hukaribia nusu ya urefu wa mwili wake. Mawili yasingemtosha tumboni. Na kuruka kwao ni kwa namna yake. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliompiga picha za kasi kubwa ndugu yao mmoja, Paratuposa placentis, ikaonekana mabawa yake huzunguka mfano wa tarakimu nane, huku yale mabawa magumu ya juu yakimsaidia asiyumbe. Nakueleza haya ili ukimtazama tena pale kwenye gogo ujue kwamba ndani ya kijidoa kile mna ubongo, misuli, utumbo na viungo vya uzazi, vyote kamili.

Sasa rudi kwenye picha ya pili na ya nne. Ya pili ina mbawakawa weusi wenye macho. Ya nne ina wale waliopauka, na hata nikiikuza mpaka ivunjike sioni jicho. Chini yake umeandika “aina mbili”. Hapo usiwe na haraka. Katika baadhi ya jenasi (makundi ya spishi ndugu) za mbawakawa-unyoya, spishi moja huwa na watu wa sura mbili: wenye rangi, macho na mabawa, na wengine waliopauka, vipofu, wasio na mabawa. Wenye mabawa huruka kwenda kutafuta gogo jipya, na waliopauka hubaki wakizaana gizani mpaka gogo liishe. Anayewatazama kwa haraka huandika spishi mbili, akaja mwingine baada ya miaka akalazimika kufuta moja. Basi swali la kwanza kabla ya “je, ni mpya?” ni “je, ni wangapi?”

Kwa nini nasema inawezekana ni wapya? Mbawakawa waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ni karibu 400,000, na hakuna kundi jingine la wanyama lenye spishi nyingi hivyo zilizoandikwa. Lakini hao ni sehemu tu, kwani makadirio yanayotumiwa sana siku hizi ni kama milioni moja na nusu. Mwaka 1982 Mmarekani Terry Erwin alichapisha hesabu iliyowashtua wengi. Alikuwa amefukiza dawa kwenye vilele vya miti 19 ya aina moja huko Panama na kukusanya kila kilichoanguka, akapata takriban spishi 1,200 za mbawakawa. Kutokana na miti hiyo akakadiria kwamba wadudu na jamaa zao wa misitu ya tropiki huenda ni spishi milioni 30. Makadirio hayo yameshushwa sana tangu wakati huo. Mimi kinachonikaa kichwani ni ile miti 19.

Wewe huenda ulitarajia niseme ni wapya kwa sababu ni wa Usambara. Kuna ukweli mkubwa hapo, lakini tuuweke mahali pake. Safu ya milima ambayo Usambara ni sehemu yake, inayoanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa imekuwa ikinyeshewa na mvuke wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu mno, hivyo misitu yake ilidumu hata Afrika ilipopitia vipindi vya ukame. Kila mlima umekuwa kama kisiwa. Fukusi wa ardhini asiye na mabawa hawezi kushuka Usambara Mashariki, akavuka joto la bonde la Luengera, akapanda Usambara Magharibi. Kwa hiyo ukichekecha majani ya milima miwili unayoiona kwa jicho ukiwa umesimama mahali pamoja, unaweza kupata fukusi ndugu ambao hawajaonana kwa mamilioni ya miaka. Mbawakawa-unyoya ni tofauti kidogo. Wale wenye mabawa upepo huwabeba mbali, hivyo spishi yako inaweza kuwa inaishi mpaka Kongo. Tumaini langu kwako linatoka kwingine: watu waliowahi kuwachunguza kwa makini mbawakawa-unyoya wa Afrika Mashariki ni wa kuhesabika kwa vidole.

Kabla sijaendelea, jambo moja zito. Usichukue hata mmoja. Msitu wa Amani, huko Usambara Mashariki, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na hata nje ya mipaka yake utafiti wa viumbe una sheria. Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na msitu wa hifadhi unahitaji pia ruhusa ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na kielelezo kikitakiwa kwenda nje ya nchi kuna kibali kingine cha kukisafirisha. Najua inachosha. Nimeona vijana wenye nia njema wakikusanya kwanza na kutafuta karatasi baadaye, na vielelezo vyao havikuweza kuchapishwa popote, maana majarida makini sasa huuliza kibali kiko wapi. Mdudu aliuawa bure. Njia yako nyepesi ni kuungana na chuo au taasisi ambayo kibali inacho tayari. Wewe una kitu ambacho wao hawana: unajua gogo lilipo.

Siku mtakapokwenda na kibali, kazi itakuwa hivi. Majani yaliyooza na vumbi la gogo huchekechwa kwenye mfuko wenye wavu, yale makubwa yanabaki juu, yale laini yanashuka. Mchekecho huo hutiwa kwenye vifuko vya wavu vinavyoning'inizwa ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa uitwao mfuko wa Winkler, chini yake kuna chupa yenye ethanoli. Kadiri majani yanavyokauka, wadudu hukimbilia chini kutafuta unyevu na kuangukia chupani. Njia nyingine ni faneli ya Berlese, ya Mwitalia Antonio Berlese, ambayo siku hizi huwekwa taa juu ili joto na mwanga viwasukume wadudu kwenda chini. Kambini mfuko wa Winkler unashinda, hauhitaji umeme. Siku tatu za kuning'inia zinatosha kwa kazi nyingi. Ethanoli iwe ya asilimia 96 kama mnataka vinasaba vya DNA vibaki salama. Spiriti ya dukani yenye maji mengi huviharibu.

Halafu lebo. Mdogo wangu, kama kuna jambo moja nataka likubakie katika jibu hili refu, ni hili la lebo. Nimekaa na masanduku ya wadudu wazuri mno, wenye miguu na vipapasio vyote, ambao hawana thamani yoyote kwa sayansi kwa sababu aliyewakusanya aliandika “Tanga” na mwaka tu. Tanga ipi? Ufukweni? Shamba la mkonge? Kilele cha mlima? Lebo nzuri huandikwa hivi:

TANZANIA, Mkoa wa Tanga, Usambara Mashariki, 5.10°S 38.63°E, mita 950, msitu wa asili, chini ya gome la gogo lililooza, kuchekecha, 12.iv., mwaka, jina la mkusanyaji.

Mwezi tunauandika kwa tarakimu za Kirumi ili msomaji wa Marekani asidhani kuwa 12.4 ni tarehe 4 Desemba. Unaandika kwa penseli au wino usioyeyuka kwenye ethanoli, na kikaratasi kinaingia ndani ya chupa pamoja na mdudu, hakibandikwi nje. Nje kinabanduka.

Baada ya hapo ni meza na hadubini. Mbawakawa mkubwa tunamchoma pini, lakini huyu pini ni nene kuliko yeye. Unakata kadi ngumu pembetatu nyembamba, unaweka tone la gundi ya kuyeyuka kwa maji kwenye ncha, tone dogo kiasi kwamba unalichukua kwa ncha ya sindano, na unamlaza juu yake. Wengine wanaingizwa ndani ya kioo, kati ya slaidi na kipande chembamba cha juu, ili waangaliwe kwa ukuzaji wa mara 400 na zaidi.

Na hapo ndipo wengi hushangaa ninapowaeleza: kwa mbawakawa wadogo, sura ya nje mara nyingi haitoshi. Rangi hudanganya, ukubwa hudanganya. Kinachotofautisha spishi ndugu mara nyingi ni viungo vya uzazi, kiungo cha dume, na kwa jike kifuko kidogo kigumu anachohifadhia mbegu za dume. Maumbo yake hutofautiana kati ya spishi na spishi hata pale miili ya nje inapofanana kabisa. Kwa mbawakawa-unyoya hicho kifuko cha jike ni muhimu zaidi, kwa kuwa baadhi ya spishi zao ni majike watupu wanaozaa bila dume. Ukingoja dume utangoja milele.

Basi unamlainisha mdudu kwa maji ya uvuguvugu. Unachukua pini mbili nyembamba kuliko unywele wa kope, kila moja umeichomeka kwenye kijiti cha kiberiti iwe mpini. Unalishika fumbatio, yaani tumbo la mdudu, kwa moja, kwa nyingine unafungua pale mwisho na kukivuta kiungo taratibu. Unakitumbukiza kwenye potasi ya hidroksidi ya asilimia 10 ili nyama iyeyuke kibaki kigumu tu, halafu kwenye glisarini. Kinang'aa kama kipande cha kaharabu. Kwa wale wenye nusu milimita, kiungo chenyewe hukioni bila hadubini. Unajua kipo kwa sababu umekiona kikitoka na macho yako hayajabanduka kwenye lenzi. Pumzi unaizuia. Feni inazimwa, hata Machi. Nilishawahi kumfungulia mlango mtu wakati kiungo kiko juu ya kioo bila kifuniko, upepo wa mlango ukakichukua, na dume wa pili wa spishi ile nilimpata baada ya miaka miwili.

Sasa ndiyo tunafika kwenye swali lako, utajuaje. Upya wa spishi huuoni kwa kumtazama mdudu wako hata ukimtazama mwaka mzima. Unaonekana kwa kumlinganisha na wote waliokwisha kuandikwa katika jenasi ile, mmoja mmoja. Kwa kawaida spishi huwa na kielelezo chake kimoja kinachobeba jina, tunakiita holotaipu, nacho hukaa kwenye makumbusho kikiwa na lebo nyekundu. Bahati mbaya kwetu, vielelezo vingi vya wadudu waliokusanywa Usambara enzi za Wajerumani viko Berlin, vya Kongo vingi viko Tervuren kule Ubelgiji, vingine London na Paris. Kijana wa Tanga anayetaka kuhakikisha mdudu wa Tanga inabidi aombe picha au viza. Jambo hili linaniuma na sitaki kulipitia juu juu. Angalau sasa makumbusho mengi hupiga picha za holotaipu na kuziweka wazi, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kule Nairobi yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu wa kanda yetu wa kuanzia nao.

Maandishi nayo ni lazima uyasome yote, ya Kijerumani, ya Kifaransa, ya Kilatini, kwa sababu sheria ni kwamba jina la kwanza kuchapishwa ndilo linalosimama, kuanzia mwaka 1758, mwaka wa chapa ya kumi ya kitabu cha Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha mfumo huu wa majina. Mimi niliwahi kuandika rasimu nzima ya spishi “mpya”, na michoro yake, kazi ya miezi minane. Nilikuwa nimebakiza utangulizi tu nilipofungua jarida moja kuukuu na kumkuta mdudu wangu pale, ameelezwa kwa mistari sita, amepewa jina kabla babu yangu hajazaliwa.

Kuhusu picha, nikukumbushe mnyama wa nchi yetu. Mwaka 2005 kipunji, tumbili wa Rungwe na Ndundulu, alitangazwa kwenye jarida la Science, na holotaipu yake ilikuwa dume aliyepigwa picha, kwa kuwa hakukuwa na mwili. Waliomwandika walimweka kwenye jenasi Lophocebus. Baadaye mmoja alipatikana amekufa kwenye mtego wa mkulima kule Rungwe, na vinasaba na fuvu lake vilipochunguzwa ikaonekana hakuwa wa jenasi ile kabisa. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ikiwa picha ya tumbili haikutosha kumjua ni wa ukoo gani, sembuse picha ya mdudu aliye mdogo kuliko punje ya ulezi.

Umeuliza nani anaamua. Hakuna kikao wala ofisi inayopiga muhuri. Unaandika makala, wataalamu wawili watatu wanaisoma na kuipekua kabla ya kuchapishwa, na ikishatoka jina limezaliwa, ilimradi umefuata Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama. Toleo la nne la kanuni hiyo, linalotumika tangu tarehe 1 Januari 2000, linakutaka utaje waziwazi kielelezo kinachobeba jina na makumbusho kitakakohifadhiwa, na ueleze sifa zinazomtenganisha mdudu wako na ndugu zake. Jarida likiwa la mtandaoni tu, lazima kazi isajiliwe kwenye daftari liitwalo ZooBank. Ndivyo ilivyo tangu mwaka 2012. Wataalamu wengine watakaokuja wanaweza kukubaliana nawe au kukupinga kwa maandishi. Ombi langu kwako na kwa taasisi utakayoungana nayo: holotaipu ibaki Afrika Mashariki. Vile vingine vya ziada, parataipu, vigawanywe Nairobi, London na kwingine, ili moto ukiwaka mahali pamoja spishi isipotee yote.

Vinasaba vinasaidia, na ningevitumia. Kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 husomwa na kulinganishwa, na kwa mbawakawa wako ndiyo njia ya haraka ya kujua kama weusi na waliopauka ni ndugu wa spishi moja. Mjerumani Alexander Riedel na wenzake waliunganisha vinasaba, picha na maelezo mafupi, na mwaka 2013 wakachapisha kwa mkupuo spishi 101 za fukusi wadogo wa jenasi Trigonopterus kutoka Guinea Mpya. Majina yalipowaishia walifungua kitabu cha simu cha Papua Guinea Mpya wakachukua majina ya ukoo ya watu wa kule. Mwaka 2019 wakaongeza spishi 103 za Sulawesi. Wapo wanaosema ni haraka mno. Mimi nawaunga mkono, mradi kila spishi ina holotaipu na picha nzuri, kwa sababu misitu haitungoji.

Na kungoja ni kwingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima muda tangu kielelezo cha spishi mpya kikusanywe hadi kiandikwe, ukapata wastani wa miaka 21. Yaani mdudu anakaa sandukuni mpaka aliyemkusanya anastaafu. Wewe ukimpata mtaalamu wa kundi hili mwenye nafasi, miaka miwili au mitatu ni matumaini ya haki.

Haya, jina la bibi. Mtu mmoja mwanamke akitunukiwa, jina lake huongezwa -ae mwishoni; mwanamume huongezewa -i. Kwa hiyo spishi ingeitwa mwanahamisiae, kwa herufi ndogo hata kama ni jina la mtu, ikitanguliwa na jina la jenasi lenye herufi kubwa. Kwenye makala kuna sehemu ya kueleza asili ya jina, na pale bibi ataandikwa alikuwa nani na alikufundisha nini, na maneno hayo hayafutwi. Jina lenyewe huchaguliwa na waandishi wa makala, kwa hiyo omba mapema uwe mmoja wao, si wa kushukuriwa mwishoni tu. Huombi hisani. Mwaka 2018 wasafiri wa kawaida walioshiriki msafara wa kisayansi kule Sabah, kisiwa cha Borneo, walikuwa miongoni mwa waliompata na kumtaja mbawakawa wa maji mwenye kama milimita tatu, Grouvellinus leonardodicaprioi, jina la yule mwigizaji.

Chagua jina ukijua litaishi kuliko wewe. Mwaka 1937 mbawakawa kipofu wa mapango ya Slovenia alipewa jina Anophthalmus hitleri. Kanuni hairuhusu kulifuta kwa sababu linachukiza, na mdudu yule asiye na kosa anawindwa mapangoni na wakusanyaji wanaolitaka jina hilo kwenye masanduku yao. Kwetu Usambara, ua linalopandwa kwenye vyungu dunia nzima liliandikwa mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia, kwa ajili ya afisa Mjerumani wa Tanga aliyepeleka mbegu kwao. Watu walioishi na ua hilo karne nyingi hawakutajwa. Kipunji ni tofauti, maana lile ni jina la Wanyakyusa wenyewe, limeingia kwenye sayansi kama lilivyo. Ndiyo maana jina la bibi mmoja wa Muheza nalipokea kwa mikono miwili.

Najua kuna watakaokuuliza faida ya yote haya. Wajibu kwa dumuzi. Alipoanza kumaliza mahindi ya Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakamwita Scania kwa jinsi alivyoharibu ghala, ilijulikana ni mbawakawa gani kwa sababu mtu alishamwandika mwaka 1878: Prostephanus truncatus, wa Amerika ya Kati. Jina liliwaambia watafiti katoka wapi, wakaenda kule kwao kumtafuta adui wake. Wakampata mbawakawa mwingine mdogo anayemla, Teretrius nigrescens, naye alikuwa na jina tayari. Akaletwa Afrika na kuachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Walioandika wadudu hao wawili karne ya 19 hawakuwahi kusikia habari za ghala la Urambo.

Kazi yako kwa sasa, wakati kibali kinatafutwa, ni kutazama. Mdudu akishaingia kwenye ethanoli hawezi tena kutuambia aliishije. Kule Kosta Rika kuna mbawakawa wa kama milimita moja na nusu, Nymphister kronaueri, aliyeandikwa mwaka 2017. Siafu wa kule wanapohama usiku, yeye hujibana kwa mataya kiunoni mwa siafu na kusafiri naye, na kwa umbo na mng'ao anaonekana kama tumbo la pili la siafu huyo. Walimgundua watu waliokaa usiku wakitazama msafara ukipita. Chupa isingewaambia hilo.

Basi nunua daftari. Andika gogo ni la mti gani, msambu au mwingine, lina gome au limevuliwa, kuna uyoga gani juu yake, na weusi wako wangapi dhidi ya waliopauka. Rudi kwenye gogo lilelile masika yakianza, katikati yake, na yakiisha, uone kama wenye mabawa wanaongezeka gogo linapokauka. Waulize na wazee kama Kibondei kina neno la wadudu hawa wa ndani ya gogo, nami nitafurahi kulijua. Ukiwatazama tumia tochi yenye mwanga hafifu, na usizidishe dakika moja au mbili, kwa kuwa waliopauka hukauka upesi sana wakipigwa na hewa. Kisha lirudishe gogo kama ulivyolikuta, upande wa chini ukae chini.